Miswada Iliyopata Tuzo



Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike juu ya vitabu vya waandishi wa Afrika ya Mashariki vilivyopata tuzo. Nadhani alitaraji orodha: jina la kitabu, jina la mwandishi, mwaka wa ushindi. Orodha hiyo sitaitoa hapa. Yafaa ibandikwe ukutani mwa maktaba ya shule, na kijana yeyote wa Kidato cha Pili mwenye bidii aweza kuikusanya kwa juma moja. Mimi nimependa kueleza jambo jingine ambalo huonekana mtu akishaacha kuhesabu washindi akaanza kuuliza kila kitabu kilitoka wapi kabla ya kuwa kitabu.

Jambo lenyewe ni hili. Katika nchi kubwa zenye maduka mengi ya vitabu, kitabu huchapwa kwanza, kikauzwa, kikasomwa, na mwishoni waamuzi wakakaa kikao na kukitunukia. Kwetu mara nyingi mambo yalikwenda kinyume. Kilichopewa tuzo kilikuwa ni mswada, yaani makaratasi yaliyopigwa taipu au yaliyoandikwa kwa mkono, yakiwa yamefungwa kwa uzi na kutiwa katika bahasha ya posta. Tuzo ndiyo iliyoyafungulia makaratasi yale mlango wa kiwanda cha chapa. Na pale ambapo heshima ilikuja bila mchapishaji, mwandishi alipata sifa na msomaji akakosa kitabu.

Mfano mkubwa wa hali hii ya pili ni marehemu Shaaban Robert wa Tanga. Kila aliyepita shule zetu amelisikia jina lake, lakini si wengi wanaokumbuka kuwa mtu huyu alikuwa karani wa serikali. Alianza kazi ya forodha mwaka 1926 na akaifanya kwa karibu miaka 18. Baadaye alihamishiwa idara nyingine, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya ya Tanga, kisha katika ofisi ya upimaji ardhi. Mashairi, insha na hadithi zake aliziandika baada ya saa za kazi. Alipata medali ya Margaret Wrong kwa uandishi wake, na serikali ya Kiingereza ikampa nishani ya M.B.E. Kwa karani wa Kiafrika wa zama zile, heshima hizo hazikuwa ndogo.

Lakini tazama tarehe. Shaaban Robert alifariki mwezi wa Juni 1962. Kufikirika, ambayo wengi huihesabu katika kazi zake bora, ilichapwa mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zikafuata mwaka 1968. Mtu mwenye medali kifuani alikufa na miswada sandukuni, na watu waliosifu kipaji chake katika sherehe hawakuwa wamesoma yote aliyoyaandika. Alifika hadi ya kujaribu kuchapa baadhi ya kazi zake mwenyewe kule Tanga, jambo ambalo kwa mshahara wa karani si mchezo. Mimi nami hukaa nyuma ya meza ya serikali, na najua mshahara huo hufika tarehe ngapi ya mwezi kabla haujakwisha.

Basi, mswada ulikuwa ukipita wapi? Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1950 na 1960 njia kuu ilikuwa ile ofisi ya vitabu iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1948 kwa ajili ya nchi zote za Afrika ya Mashariki, kwa jina la East African Literature Bureau. Ilikuwa ofisi ya serikali, yenye mafaili na mihuri, na ilikuwa na tabia moja nzuri ambayo yafaa isisahauliwe: ilitangaza mashindano ya uandishi kwa watu wa kawaida. Mtu yeyote mwenye kalamu aliweza kutuma.

Katika mashindano yake ya hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, aliyeshika nafasi ya kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja, mzaliwa wa Makunduchi. Huyu naye alikuwa mtumishi wa serikali kwa asili. Alianza kama mkaguzi katika idara ya afya, na baadaye akawa mhariri wa magazeti. Tangu 1958 alihariri Mkulima, gazeti la kilimo, hadi alipostaafu miaka 10 baadaye. Mswada wake ulikuwa Mzimu wa Watu wa Kale, ukachapwa na ofisi hiyo hiyo mwaka 1960. Maiti ya tajiri mwenye mashamba inakutwa mahali pa mizimu, watu wananong'ona mambo ya mapepo, na Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, anakuja taratibu kuonyesha kwamba pepo huyo ana mikono na miguu kama sisi. Kabla ya hapo hadithi ya Kiswahili iliyochapwa ilikuwa aghalabu ni ngano, au safari, au mawaidha. Hapa palitokea mtu anayefikiri kwa kutumia ushahidi, tena ndani ya mashamba ya Unguja, kwa Kiswahili kitamu cha watu wa huko. Kutokana na mswada ule mmoja vikaja Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974 na vinginevyo mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Sijui mtihani gani ungalimlazimisha kijana kusoma vitabu vyote hivyo. Vijana walivisoma bila kulazimishwa, mara nyingine chini ya blanketi kwa tochi, na walimu wa bweni wanalijua hilo.

Mzanzibari mwingine, Mohamed Suleiman Mohamed, alipata ushindi kwa riwaya yake Kiu, iliyotoka kitabu mwaka 1972. Hapa hakuna upelelezi wala kiko. Kuna mzee tajiri, Mwinyi, anayemtamani msichana Bahati. Kuna kijana Idi anayetumiwa kama chambo naye akajidhani ndiye mvuvi. Hao watatu kila mmoja ana kiu yake, na mwandishi hamwonei haya yeyote. Ukisoma Mzimu wa Watu wa Kale kisha ukasoma Kiu utaona jinsi Kiswahili cha riwaya kilivyokua katika muda wa miaka 12 tu, na sehemu moja ya makuzi hayo ilitokana na bahasha zilizotumwa kwenye mashindano.

Ofisi ile ilikuwa na kasoro zake. Ilifuata Kiswahili sanifu, kile kilichopatanwa tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 kwa msingi wa Kiunguja, na mtunzi wa Mvita, Pate au Pemba aliyetunga kwa lugha ya mama yake alijiona mgeni. Tena ilikuwa mali ya nchi 3, na nchi hizo zilipogombana Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, nayo ikaenda pamoja nayo. Kenya ikabaki na sehemu yake kwa jina jipya la Kenya Literature Bureau. Kuanzia hapo kijana wa Tanga aliyeandika hadithi hakuwa tena na anwani moja ya kuituma ambayo ingemshindanisha na kijana wa Mombasa na wa Kampala. Miongoni mwa hasara za kuvunjika kwa Jumuiya, watu hutaja reli, ndege na bandari; hii ya anwani moja haitajwi.

Sasa nifike kwenye kitabu ambacho hasa kilinifanya nikubali kuandika makala haya.

Mwaka 1974 tuzo mpya ya vitabu, iliyopewa jina la Rais wa Kenya wa wakati huo, Jomo Kenyatta Prize for Literature, ilitolewa kwa mara ya kwanza. Kwa upande wa Kiingereza alishinda Meja Mwangi kwa Kill Me Quick, hadithi ya vijana wawili, Meja na Maina, waliotoka shule na vyeti vyao mkononi wakaikuta Nairobi haina haja navyo, wakaishia vichochoroni na hatimaye jela. Kwa upande wa Kiswahili ilishinda diwani iitwayo Sauti ya Dhiki, ya Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Na diwani hiyo haikuzungumza juu ya jela kwa kubuni. Ilitungwa jela.

Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946, katika ukoo wa watunzi. Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita, ni ndugu yake. Alikuwa mhasibu msaidizi katika Baraza la Manispaa ya Mombasa. Hapa tena, wenzangu mtaona, tumempata mtu wa ofisi. Mwaka 1968 alikuwa mwanachama wa K.P.U., chama cha upinzani kilichoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga. Mwaka huo ulikuwa mgumu kwa chama hicho: katika uchaguzi wa mabaraza karatasi za wagombea wake zilikataliwa nchi nzima kwa madai kuwa hazikujazwa sawasawa. Abdilatif akaandika kijikaratasi chenye kichwa Kenya: Twendapi?, kikasambazwa. Alikamatwa mwishoni mwa 1968, akiwa na umri wa miaka 22, akashtakiwa kwa uchochezi, na kwa hukumu ya mwaka 1969 akafungwa miaka 3. Vijana mnaosoma haya, mhesabu umri wenu na mwone imebaki miaka mingapi mfike 22.

Alifungwa Kamiti na Shimo la Tewa, sehemu kubwa ya muda huo akiwa ametengwa peke yake. Kalamu na karatasi hakuruhusiwa. Aliandika kwenye karatasi za msalani, kwa kalamu aliyoipata kwa siri, na askari wa gereza waliomwonea imani wakasaidia kuyatoa mashairi nje. Hivyo ndivyo mswada huu ulivyosafiri. Haukuwa na bahasha wala stempu, na mchukuzi wake alikuwa akihatarisha kazi yake na mkate wa watoto wake. Majina ya askari hao hayamo katika orodha yoyote ya tuzo.

Jambo la ajabu ni kwamba, akiwa bado kifungoni, mwaka 1971 kitabu chake kingine kilitoka: Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa, alioutunga kabla ya kukamatwa. Kwa hiyo kulikuwa na wakati ambapo jina lake lilikuwa katika daftari la wafungwa na pia katika dirisha la duka la vitabu, katika nchi moja. Aliachiliwa mwezi wa Machi 1972. Akahamia Dar es Salaam, akapata kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu, na mwaka 1973 Sauti ya Dhiki ikachapwa na Oxford University Press, ikiwa na utangulizi wa marehemu Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu na mtetezi mkubwa wa Kiswahili cha Mvita.

Na ni Kimvita hasa. Tulipokuwa wanafunzi hapa katika miaka ya 1990, wale wa bara walilalamika kuwa hawayafahamu mashairi yale, na sisi wa pwani tukajifanya twayafahamu yote. Ukweli ni kuwa yanahitaji kusomwa mara mbili na tatu. Mtunzi amefuata kanuni zote za vina na mizani, kama walivyotunga wazee wake, na amevitia ndani ya kanuni hizo mambo ambayo serikali isingependa yasemwe wazi. Katika shairi la Mamba anamtazama mnyama mwenye nguvu anayetamba mtoni. Katika Jipu kuna uvimbe unaouma na msomaji anajua kuwa siku moja utatumbuka. Katika Mnazi ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombania mti mmoja: mmoja ameupanda na anakula nazi, mwingine yuko chini na anauliza kwa nini. Hakuna jina la waziri wala la chama. Askari aliyeyashika makaratasi yale angeweza kuapa mahakamani kuwa mfungwa ameandika juu ya minazi na mamba, na asingekuwa ameapa uwongo.

Kisha yapo mashairi ya mtu mwenyewe: upweke, kukumbuka nyumbani, na kukataa kuacha analolishikilia. Haya ndiyo ninayoyapenda zaidi, kwa sababu hayajigambi. Mtu anaweza kuyasoma bila kujua lolote juu ya siasa za 1968 na bado akafahamu mtu aliyefungiwa chumbani peke yake hufikiri nini inapofika alasiri.

Basi kitabu hiki ndicho kilichopewa tuzo yenye jina la Mzee Kenyatta, naye Mzee Kenyatta akiwa bado madarakani, miaka 2 tu baada ya mtunzi kutoka katika magereza ya serikali yake. Wengi hulisimulia jambo hili kama kichekesho. Mimi silioni hivyo. Tuzo ilikuwa kazi ya wachapishaji wa vitabu, haikutoka Ikulu, na wale walioamua walikuwa na njia rahisi mbele yao. Wangeweza kusema diwani ina lugha ngumu ya kimahali. Wangeweza kusema mwaka huu hakuna kazi ya Kiswahili iliyofikia kiwango. Sentensi hiyo imetumika katika mashindano mengi na haijamtia mtu matatani. Katika utumishi wa serikali nimeona maamuzi mengi yakiahirishwa kwa sababu dhaifu kuliko hizo. Wao walisoma mashairi, wakaona ndiyo bora, wakasema ndiyo bora. Kwa desturi za ofisi zetu, huo ni ushujaa, japo haukupigiwa ngoma.

Tena si yeye peke yake. Mwaka 1984 tuzo ya Noma, iliyoanzishwa na mchapishaji wa Kijapani Shoichi Noma kwa ajili ya vitabu vinavyochapwa Afrika, ilimwendea Gakaara wa Wanjau, pamoja na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Kitabu cha Gakaara kilikuwa kwa Kikuyu, Mwandiki wa Mau Mau Ithaamirio-ini, nacho ni kumbukumbu alizoziandika na kuzificha alipokuwa kizuizini mwa Waingereza wakati wa vita vya Mau Mau. Makaratasi yale yalikaa miaka mingi kabla ya kuchapwa mwaka 1983. Serikali mbili tofauti, ya kikoloni na ya uhuru, kila moja ilimweka mwandishi ndani, na kila mmoja wa waandishi hao alitoka na mswada kwa lugha ya nyumbani kwake, na kila mswada ukashinda. Ngugi wa Thiong'o naye, aliyewekwa Kamiti mwisho wa mwaka 1977, aliandika riwaya yake ya Kikuyu kwenye karatasi zile zile za msalani alizotumia Abdilatif.

Ya miaka iliyofuata nitayapitia upesi. Tuzo ya Jomo Kenyatta ilikatika kwa muda, ikarudi. Marehemu Ken Walibora, kwa mfano, aliipata kwa Ndoto ya Amerika na baadaye kwa Kisasi Hapana. Walibora huyo huyo ndiye aliyeitafsiri Sauti ya Dhiki kwa Kiingereza. Alifariki mwaka 2020 na tafsiri yake ikatoka mwaka 2024, zaidi ya miaka 50 baada ya diwani yenyewe. Tuzo ya Noma ilikoma mwaka 2009. Mwaka 2015 ikatolewa kwa mara ya kwanza tuzo ya Mabati-Cornell kwa ajili ya fasihi ya Kiswahili, na hii nimeipenda kwa kuwa inapokea miswada na kuwatafutia washindi mchapishaji. Diwani ya Mohammed Ghassani, N'na Kwetu, ilifika kwa wasomaji kwa njia hiyo. Tanzania nayo ilianza kutoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere mwaka 2023. Anwani ya kutuma bahasha imerudi, japo siku hizi hakuna bahasha.

Na hapana budi kumtaja Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepata Nobel mwaka 2021. Magazeti yetu yalishangilia kwa juma zima. Lakini riwaya yake Paradise, iliyomfikisha katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka 1994, na ambayo habari zake ni za pwani yetu na misafara ya bara, ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ni miaka 28. Watu wanaosimuliwa ndani ya kitabu walikisubiri kwa muda huo wote.

Haya nayasema kwa sababu kamati ya chama chetu inafikiria kuanzisha tuzo ya uandishi kwa wanafunzi wa shule hii, na pendekezo lililo mezani ni kikombe cha fedha kitakachokaa katika kabati la ofisi ya mwalimu mkuu. Vikombe tunavyo, vya mpira na vya riadha, na kabati limejaa. Rai yangu kwa kamati ni kwamba fedha hizo zitumiwe kuchapa kazi za washindi watatu wa kwanza katika kijitabu, nakala 300, kila darasa lipate, na nyingine ziuzwe kwetu siku ya mkutano. Nimekwisha uliza bei kwa mpiga chapa mmoja mjini, nayo haizidi bei ya kikombe. Hesabu hizo ninazo na nitaziwasilisha chini ya mengineyo. Siku hiyo hiyo nitamkabidhi mtunza maktaba nakala 2 za Sauti ya Dhiki, kwani ile tuliyokuwa tukiisoma sisi ilikuwa imekwisha toka jalada.